Korongo Aliyegeuka Nyuma

Nyumba ya Ma Jovita ilikuwa na mapindo. Kama hujui mapindo ni nini, basi hukuwa na ndugu mwenye kahawa mwaka ule wa sitini na mbili. Ni zile kanda za bati zinazoning'inia ukingoni mwa paa, zimekatwa nakshi kwa mkasi na patasi: wengine maua, wengine misalaba, wengine meno ya msumeno tu kwa sababu fundi alikuwa na haraka. Uhuru ulikuwa mpya, kahawa ilikuwa inauzika, na mwanamume aliyebomoa msonge wa baba yake akaezeka bati hakukubali bati lake likae uchi kama la ghala la chama cha ushirika. Lazima livishwe. Mpita njia aone mapindo aulize, jamani, hapa ni kwa nani?

Kwa Ta Ildefons, mumewe Ma Jovita, palivishwa korongo. Ildefons mwenyewe alishuka Bukoba akamleta fundi Omary wa Hamugembe, Mwislamu mmoja mwembamba, mpole, akamweka nyumbani mpaka kazi ikaisha. Omary alikula ndizi za Ma Jovita kila siku na kukataa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila jioni kwa adabu ileile. Alikuwa na kigezo cha kadibodi ngumu, korongo mwenye kishungi kichwani, mdomo umekatika ncha kwa kutumika sana. Alikilaza juu ya bati, akachora kwa ncha ya msumari, akakata. Korongo baada ya korongo, wote wakiangalia ziwani.

Mapindo yalipokwisha kugongomewa ndipo watu wakaona kwamba mmoja, pale juu ya mlango, ameangalia upande wa pili, migombani. Fundi alikuwa amekigeuza kigezo bila kujua. Omary aliona aibu, akapanda ngazi amshushe. Ildefons akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Muache, fundi, muache! Huyo ni mimi. Wenzangu wakienda ziwani, mimi nageuka kumwangalia Ma Jovita."

Watu waliangua kicheko, na Protase, mdogo wake Ildefons, aliyekuwa ameshika ngazi, nusura aiachie. Ma Jovita alikimbilia jikoni kwa haya, na huko jikoni akacheka peke yake hadi machozi. Alikuwa na furaha yule mama. Nalisema mapema kwa sababu baadaye hamtaamini.

Mtoto hakuja. Walikwenda hospitali, wakaenda kwa padri, wakaenda na kule ambako padri hataki kusikia. Wapi! Ndugu wakaanza kusema pembeni, halafu wakasema mbele. Ildefons hakugombana na mkewe hata siku moja. Laiti angegombana, mama wa watu angekuwa na neno la kulishika. Alisema tu anakwenda Goziba kuvua, msimu mmoja, arudi. Goziba ni kisiwa, njia yake ni boti basi, na kambi zake zimejaa wavuvi wa kila kabila. Kwetu wakulima mtu akienda Goziba tunamwombea kama mgonjwa.

Mwanzoni alirudi, na alirudi wakati wa senene. Hapa inabidi niwaeleze wageni. Kwetu Uhayani mvua za Novemba zikianza, senene huanguka alfajiri, na wanawake hutoka na watoto kuwaokota majanini. Mke huwanyonyoa mabawa na miguu, huwakaanga, huwafunga kwenye majani ya mgomba na kumpa mumewe. Yeye mwenyewe hali. Hata kuonja chumvi haonji, ng'o! Mume akiwapokea, humpa mkewe nguo mpya, na hapo kila mtu anajua kwamba ile ndoa iko salama mwaka mwingine. Wasichana wa siku hizi wanatucheka, wanakula senene njiani huku wanatembea. Ma Jovita hakuwa msichana wa siku hizi.

Basi Ildefons alikuja akapokea senene, akatoa kitenge. Mwaka uliofuata hakuja, alimpa mtu kitenge akilete. Baada ya hapo hakuja mtu wala kitenge. Miaka ikasogea. Ma Jovita aliendelea kuokota senene kila Novemba, kuwakaanga na kuwafunga, na kuwatundika juu ya jiko wakamsubiri mwenyewe mpaka wakaota ukungu. Kisha akawamwaga migombani, saa ambayo majirani wako kanisani. Kitenge cha mwisho hakukivaa. Angekivaa vipi, na nani wa kumwambia kimekupendeza?

Ukafika mwaka wa sabini na nne. Mkoa wetu ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi, na neno lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa operesheni. Wengine walisema tutahamishwa tupangwe kando ya barabara ya Biharamulo kama viazi kwenye tuta. Wengine wakasema, thubutu, nani atawahamisha Wahaya wakaache makaburi ya babu zao kibanjani, katikati ya migomba yao? Mwishowe tuliandikishwa kijiji palepale tulipokuwa, lakini kila kaya ilitakiwa kuwa na mkuu wake, mtu wa kuhudhuria mkutano na kulima shamba la ujamaa. Na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa nani? Protase yuleyule aliyeshika ngazi.

Alikuja jioni moja, akavua kofia, akakaa barazani chini ya korongo. Ma Jovita akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyopasa mgeni.

"Shemeji," alisema Protase, "hapa mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni kaka yako."

"Kaka yangu yuko wapi?"

Ma Jovita alikisogeza kikapu cha kahawa karibu naye.

"Miaka minane, shemeji. Boti ngapi zimezama huko? Ukoo umekaa. Tumeona Jumamosi ya wiki ijayo tumlilie, tuweke matanga kama Wakristo, roho yake ipumzike. Halafu wazee watazungumza mambo ya nyumba."

Mambo ya nyumba. Ma Jovita hakuhitaji kuelezwa. Mwanamke asiye na mtoto, mumewe akililiwa matanga, hupewa mkono wa pole na njia ya kurudi kwao. Kwao alikuwa amebaki kaka mmoja ambaye mkewe alihesabu hata maji mtungini. Protase hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Watoto wake walilala kwenye msonge unaovuja, na bati mwaka ule hata ukiliota ndoto lilikuwa limekwisha dukani. Kila alipoliangalia paa la kaka yake aliona watoto wake wamekauka. Lakini njaa ya mwenzako haikufanyi wewe ushibe. Usiku ule Ma Jovita aliugusa ukuta wa chumba chake kwa kiganja, akaona kwamba katika ulimwengu mzima hana kingine.

Siku mbili baadaye alipita Elieza, kijana wa Kilutheri anayeuza samaki wakavu kwa baiskeli. Huchukua samaki visiwani, hushuka nao Kemondo, halafu hupanda huku kwetu vijijini mpaka gulioni Muleba. Mvua ilimkimbiza barazani kwa Ma Jovita. Alipokuwa anakamua shati lake aliinua macho, akacheka.

"Mama, fundi wenu huyu ana wazimu. Kumbe kote anakosea vilevile!"

"Kote wapi?"

"Goziba iko nyumba moja ina korongo hawahawa. Na mmoja juu ya mlango kageuka, kama huyu. Kule yanaonekana mapindo ya nyumba hiyo tu, kwingine nyasi."

Ma Jovita alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini taratibu.

"Nyumba ya nani hiyo, mwanangu?"

"Ya mzee mmoja Mhaya. Mcheshi sana. Ana kidole cha shahada hakikunjiki, kama kijiti. Anaishi na mama mmoja wa Ukerewe, watoto wawili, na mwingine naona yuko njiani." Elieza akamtazama usoni, akili ikamrudia. "Mama? Nimesema vibaya?"

Kidole hicho Ma Jovita alikuwa amekifunga dawa mwenyewe, mwaka panga lilipoteleza. Akasema, "Hujasema vibaya. Kula, chakula kipo." Akampakulia ndizi, mchuzi ukamwagika mkekani.

Kesho yake alipanda basi kwenda Bukoba. Mtu akizama kwenye jambo hushika hata unyasi, na unyasi wa Ma Jovita ulikuwa huu: huenda Elieza ni mwongo, huenda kidole kama kile kiko kwa watu wengi. Omary tu ndiye angejua. Alimkuta Hamugembe uani kwake, katikati ya migomba, amezeeka, anatengeneza vibatari kwa makopo. Kazi ya mapindo ilikuwa imekufa. Bati likipatikana ni la shule na zahanati, na nani angeomba korongo juu ya zahanati?

"Bibi Jovita!" Omary alimkumbuka kabla hajajitambulisha. "Karibu, karibu. Mmeshahamia kule kisiwani wote?"

Swali hilo lilimjibu kila kitu. Ma Jovita alikalia gogo bila kukaribishwa mara ya pili.

"Alikuja lini?" akauliza.

Omary akagundua, maskini, akawa anaangalia mkasi wake. "Ni miaka. Bati lilikuwa adimu tayari. Alileta madebe ya mafuta ya kula, tukayapasua, tukayanyoosha. Nikamwambia, mzee, yule korongo wa juu ya mlango lilikuwa kosa langu, safari hii nitakufanyia sawa. Akakataa kabisa. Akasema bila huyo aliyegeuka nyumba haitakuwa yake. Akataka awe anaangalia upande wa Muleba, huku kwako." Omary alifikiri amempa mwenzake dawa. "Kwa hiyo hakukusahau, bibi. Naapa hakukusahau."

Ndipo Ma Jovita alipokasirika. Miaka yote ile hakuwa amekasirika, alikuwa amesubiri tu, na kusubiri hula hasira ya mtu kimyakimya. Sasa ilimpanda kutoka miguuni.

"Bati linaniangalia!" alisema kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Yeye ana macho mawili, ana miguu, boti zipo. Mimi nalala peke yangu, naugua peke yangu, naongea na sufuria, halafu ameweka debe la mafuta liniangalie kwa niaba yake! Fundi, hilo ni la kunifurahisha?"

Omary aliweka mkasi chini. Alimsindikiza hadi kituoni akimbebea kikapu, ambacho kilikuwa hakina kitu.

Ndani ya basi aliwaza. Kama angenyamaza, Jumamosi watu wangemlilia Ildefons, yeye angevaa nguo nyeusi, angeitwa mjane wa mtu mwema, na angeondoka na heshima yake bila nyumba. Kama angesema, angebaki na nyumba, maana mwenye nayo yu hai na hakuna wa kuirithi. Lakini kijiji kizima kingejua kwamba hakuachwa na ziwa, aliachwa na mtu. Na je, angesema kwa ushahidi gani? Maneno ya muuza samaki? Protase angesema shemeji amemhonga kijana.

Alfajiri ya siku iliyofuata senene walianguka.

Alitoka na taa na kikapu kama kila mwaka. Aliwaokota, akawanyonyoa, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akatia chumvi kwa kukisia kama alivyofunzwa na mama yake. Akawafunga kwenye majani ya mgomba yaliyokaushwa, na juu akapiga fundo lake mwenyewe, lile la kuzungusha kamba mara mbili na kuficha ncha. Elieza alipopita akirudi kutoka gulioni, akamwita.

"Utampelekea yule mzee wa korongo. Mwambie ni senene za Jovita. Anilipe nguo yangu. Nguo yoyote, hata kipande. Na urudi kabla ya Jumamosi mchana."

Elieza hakuwa Mhaya wa kupoteza mila. Alielewa kwamba senene wakipokelewa na nguo ikija, basi mume yu hai, ndoa iko hai, na hakuna ukoo utakaoweza kulia matanga. Alifunga mzigo nyuma ya baiskeli bila kutania.

Nitawaambia kitu alichoficha Ma Jovita hata kwa nafsi yake. Nyumba aliitaka, ndiyo. Lakini siku zile za kusubiri hakuwa anawaza nyumba. Alikuwa anawaza itakuwa rangi gani ile nguo. Akafikia hata kulitoa sanduku na kutenga nafasi ndani yake. Mtu mzima na akili zake!

Jumamosi ilifika. Ukoo ulikaa uani kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye nyasi. Protase alisimama na kuzungumza vizuri, hata akalia kidogo, na machozi yalikuwa ya kweli kwa sababu alimpenda kaka yake. Akasema, "Basi, ndugu zangu, leo tukubali kwamba ametangulia." Ma Jovita alikuwa ameketi kizingitini, macho njiani. Wanawake walikuwa wameshashika vichwa kuanza kulia pale kengele ya baiskeli iliposikika.

Elieza alikuja akiwa amelowa jasho. Mkononi alikuwa na furushi la majani ya mgomba. Ma Jovita aliliona fundo kabla ya kumwona mtu. Kamba mara mbili, ncha imefichwa. Halikuwa limefunguliwa.

"Ulimkuta?" aliuliza.

"Nilimkuta, Mama."

"Akasema nini?"

Elieza aliwaangalia wale watu wote, akainama sikioni mwake. "Aliwashika senene wako muda mrefu. Mama wa Ukerewe alikuwa amesimama mlangoni. Akasema hawezi kuwala. Akasema nikwambie nyumba ni yako, asikusumbue mtu. Halafu akachukua ngazi."

Akatoa ndani ya gazeti kipande cha bati, ukubwa wa kiganja. Alikuwa korongo mwenye kishungi, ncha ya mdomo imekatika, ameangalia nyuma. Ubavuni mwake ilibaki rangi ya njano ya debe la mafuta. Kingo zilikuwa zimeng'olewa kwa koleo, zimejikunja. Yule wa juu ya mlango wa Goziba, aliyewekwa kuangalia Muleba, Ildefons alikuwa amemshusha.

Ma Jovita alielewa yote mawili kwa mara moja: amepewa nyumba, na ameachwa. Aliinamia lile bati, na watu wakadhani ni majonzi ya matanga, wakamwonea huruma. Kisha alisimama. Alitembea mpaka kwa Protase, akamwekea lile bati mkononi.

"Shemeji, muulize huyo kama kaka yako amekufa."

Protase aliliangalia bati. Akainua macho juu ya mlango, ambako korongo wa kwanza alikuwa palepale hajaguswa, akateremsha tena. Hakuna mtu pale aliyekuwa anaijua siku ile ya kicheko kuliko yeye.

"Yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Goziba," alidakia Elieza. "Mimi nimezungumza naye juzi. Boti inatoka Kemondo Jumatatu, anayetaka aende."

"Ana mke," alisema Ma Jovita, na alilisema mbele ya wote, akitamka kila neno. "Ana watoto. Hajafa. Mtu hamrithi aliye hai. Mkuu wa kaya ya hapa ni Ildefons, na asipokuwepo ni mimi. Kama ni shamba la ujamaa, jembe ninalo."

Wanawake walipigwa na bumbuwazi, mmoja akaguna, "Waitu!" Mzee wa ukoo akakohoa, akasema kwamba alivyosema mama ndivyo ilivyo. Protase aliketi. Alilizungushazungusha lile bati vidoleni, halafu ghafla akaanza kucheka na kulia pamoja, "Kaka yuko hai, jamani, yuko hai!" na watu wakamzunguka kumpongeza. Matanga yakageuka sherehe, rubisi ya msiba ikanywewa kwa furaha. Kila mtu alipata kitu siku ile. Hata waliomjia Ma Jovita walimpa mkono wa hongera, kwamba mumeo mzima.

Walipoondoka kulikuwa kumetulia sana. Alifagia uwanja. Akavua viatu, akakaa barazani peke yake, akaliweka furushi mapajani. Alilishika fundo lake, akalifungua mwenyewe.

Senene walikuwa wamelegea kidogo kwa unyevu wa ziwa. Akamchukua mmoja, akamtazama, akamtia kinywani. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tano na hajawahi kuijua ladha yake. Alitafuna polepole. Akachukua mwingine, na mwingine, machozi yakimtiririka bila sauti, mpaka majani yakabaki matupu.

Walikuwa na chumvi nyingi mno. Miaka yote waliyokaa pamoja alikuwa akizidisha chumvi, na Ildefons alikuwa akiwala mpaka wa mwisho bila kumwambia.